Njia Panda ya Kilungwe

Mwaka ule wa themanini na mbili dizeli ilikuwa kitu cha kusikia habari zake tu. Malori yalilala vituoni siku nenda siku rudi, madereva wamejikunyata chini ya maturubai wakingoja mafuta yaliyosemwa kuwa yako njiani, na huko njiani yakabaki. Ndipo Lucian, fundi wa magari pale Misugusugu, alipoanza kuyaendesha malori kwa oili chafu.

Hakuubuni yeye ujanja huo. Aliuona vitani kule Kagera, ambako gari likikosa mafuta mtu hutafuta chochote kinachoweza kuwaka. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini nyingine, nyeusi ti, aliimimina ndani ya pipa akaiacha itulie mpaka takataka zishuke chini na maji yajitenge. Akachota ya juu peke yake, akaianika juani kwenye madebe mpaka ilainike, akaichuja kwa shuka kuukuu lililokunjwa na kukunjwa tena, kisha akaichanganya na mafuta ya taa ili iwe nyepesi. Injini ikishapata moto kwa dizeli safi kidogo, huyanywa mafuta hayo bila kununa sana. Lakini yalikuwa na masharti yake. Filta huziba, pampu hunyonya upepo, nozeli za kunyunyizia mafuta huota masizi, na lori hufa pale ambapo dereva asingependa lifie. Aliyechukua mafuta kwa Lucian alichukua na udhia wake, na Lucian hakumficha mtu.

Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imepumzika, lori la kijiji cha Chole liliingia uani kwake likitoa moshi mweupe. Dereva wake, Isihaka, mtu mzima mwenye kofia ya viua, aliteremka bila kuzima injini.

"Shikamoo, mzee Isihaka."

"Marahaba, fundi. Leo sikuja na mzigo wa siku zote. Nina maiti nyuma."

Lucian akavua kofia. Nyuma ya lori, chini ya turubai, wanaume walikaa pande mbili wakiliegemea bodi, na katikati yao lilikuwa jeneza limefunikwa shuka la kijani. Marehemu alikuwa mzee Mwinyimadi, aliyelazwa hospitali ya Tumbi tangu kabla ya masika na kufariki alfajiri ile. Mwanamke aliyekaa mbele, kajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, alikuwa binti yake, Mwanahalima. Mwanaume mrefu aliyesimama nyuma alikuwa mwana wa marehemu, Adamu, katibu wa kijiji cha Chole. Na yule mzee kuliko wote, aliyeshika tasbihi, alikuwa Mashaka, mdogo wake marehemu.

"Poleni sana," Lucian alisema.

"Tumeshapoa," Adamu alijibu. "Ndugu fundi, tumetanguliza mtu tangu alfajiri, kaburi linachimbwa Chole, watu wanangoja. Tunataka tumsitiri leo, jua lisituchwee. Na lori linakohoa tangu tulipotoka Tumbi."

Lucian alifungua filta, akaikuta imejaa uji mweusi. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akairudisha, akatoa upepo, na moshi ukapungua. Lakini Isihaka hakupanda. Alisimama akiuangalia mfuko wa spana.

"Twende wote, fundi. Huko mbele hakuna mtu wa kunisaidia, na mzigo huu haulali njiani."

Kwa hiyo Lucian alitia madumu ya oili iliyochujwa, akachukua na dumu lake dogo la dizeli safi, ile aliyoitunza kama dawa ya kuamshia injini, akapanda mbele. Alikaa mlangoni, Mwanahalima katikati, Isihaka kwenye usukani.

Mlandizi waliiacha lami, wakavuka reli, wakashika njia ya udongo ya kuelekea Mzenga. Lori lilikwenda vizuri, likitoa ule mlio wake wa kawaida wa kugonga ambao Isihaka alisema lilianza nao miaka mingi na angeshangaa siku asiyousikia. Mikorosho ilipita, na mihogo, na watoto waliosimama kimya walipoona shuka la kijani.

Walipoimaliza Mzenga, Mwanahalima alisema, bila kumtazama mtu, "Fundi, lori likiharibika utalitengeneza?"

"Ndiyo kazi iliyonileta, dada."

"Na likiwa halitaki?"

"Gari halina kutaka na kutotaka. Lina kuziba na kuzibuka."

Mwanahalima aligeukia nyuma, upande wa jeneza. Kisha akasema kwamba baba yake hakutaka kuzikwa Chole. Alitaka Kilungwe. Alimwambia yeye peke yake, juzi, sauti yake ikiwa imebaki pumzi tu.

Lucian hakuwa akiijua Kilungwe. Mwanahalima akamwelezea. Ilikuwa kijiji chao cha zamani, ng'ambo ya kilima upande wa bondeni, ambako babu zake walizaliwa wakazikwa. Mwaka wa sabini na nne watu walihamishiwa Chole wakae pamoja, paa zikateremshwa, na Kilungwe ikawa mahame. Mzee Mwinyimadi alipanda lori mwisho wa watu wote, na alipopanda alikaa akiangalia nyuma.

"Lori lipi?" Lucian aliuliza.

"Hilihili," alisema Isihaka.

"Nimemwambia Adamu," Mwanahalima aliendelea. "Kasema kule ni pori, hakuna wa kumzuru baba, na viongozi walishasema watu wasirudirudi mahameni. Mimi mwanamke. Kwenye mazishi sina kauli." Alijifunika vizuri. "Nimekuambia tu, fundi, kwa kuwa wewe ni mgeni. Mgeni huambiwa."

Lucian alirudisha macho barabarani. Mambo ya ukoo wa watu hayafunguliwi kwa spana.

Walifika njia panda baada ya adhuhuri. Mkono wa kushoto barabara ya Chole ilipanda kilima. Mkono wa kulia njia ya zamani ilishuka bondeni, majani yameifunika, ila mtu angeona bado mahali matairi yalipopita zamani. Isihaka alikata kushoto, akaanza kupanda, na injini ikafa. Haikukohoa kwanza wala kupungua nguvu. Ilikata kama mtu aliyezibwa mdomo.

Lucian alishuka. Alifungua skrubu ya juu ya filta, akapampu kwa mkono, povu likatoka, kisha mafuta mazima. "Upepo," alisema. Akakaza mirija yote. Isihaka akapiga stata, injini ikawaka, lori likasogea urefu wake mara moja, likafa.

Akafungua kikombe cha chini cha kuchujia. Kulikuwa na tone la maji, duara, linateleza chini ya oili kama jicho. "Maji," alisema. Akayamwaga, akatoa upepo upya. Likawaka. Likapanda kidogo. Likafa.

Nyuma wanaume waliacha kuzungumza. Mashaka tu ndiye aliyesikika, akizungusha tasbihi.

Betri ilianza kuchoka, hivyo Isihaka akaliachia lori lirudi nyuma kwa mteremko ili aliwashe kwa gia. Likarudi taratibu mpaka njia panda, na matako yake yakaingia barabara waliyotokea, pua ikielekea bondeni. Alipoachia klachi injini ilishika mara moja. Ikanguruma laini. Lucian aliyekuwa akitembea kando alisimama. Moshi uliokuwa ukitoka mweupe tangu asubuhi ulikuwa umetakata, hauonekani. Na ule mlio wa kugonga, ule ambao Isihaka aliishi nao miaka yote, haukuwepo.

Isihaka aliuweka mkono wake juu ya dashibodi, akaisikiliza injini. Kisha akakata usukani kushoto. Lori lilipoitazama barabara ya Chole mlio ulirudi, gonga, gonga, na injini ikakata.

"Anakataa," mtu mmoja alisema nyuma.

"Nyamaza," Adamu alimwambia.

Lucian alijua sababu, au alidhani anaijua, na akaieleza kwa sauti ili wote wasikie. Mafuta haya yana tope. Lori likipanda kilima tope hulala nyuma ya tangi, na mrija wa kunyonyea uko hukohuko nyuma. Likielekea bondeni tope husogea mbele, mrija hupata mafuta safi. Hakuna zaidi ya hapo. Wanaume waliitikia kwa vichwa, na yeye mwenyewe alipumua alipoyasikia maneno yake.

Alilala chini ya lori, akafungua nati ya tangi, akamwaga. Likatoka tope la kutosha, zito, lenye kunuka moto wa zamani. Akaosha tangi kwa mafuta ya taa, akatia oili aliyoichuja mwenyewe. Injini ikawaka. Ikafa palepale.

Ndipo alipokwenda kuchukua dumu la dizeli safi. Alilifunga kwa kamba juu ya paa la lori, akateremsha mpira moja kwa moja mpaka kwenye pampu ya sindano, ile inayoyasukuma mafuta ndani ya injini, akaacha tangi, filta na kila kitu nje ya njia. Dizeli ilishuka yenyewe, safi kama chai ya rangi, bila tope, bila maji, bila povu. Injini ya namna ile ikikataa dizeli ya namna ile, basi imekufa. Na hii haikuwa imekufa, maana pua ikielekea bondeni iliimba.

Adamu alimwomba Isihaka ampishe. Akakaa yeye kwenye usukani, akawasha, akakata kushoto. Lucian alisimama na mpira mkononi, dole gumba likiuhisi. Mafuta yalikuwa yanapita. Aliyahisi yakipita, baridi, ndani ya mpira. Injini ikakata huku mafuta yakipita.

Mvua nyembamba ilianza kunyesha juu ya kilima, upande wa Chole. Upande wa bondeni palikuwa pakavu, mwanga umetulia juu ya majani. Lucian alifuta mikono yake kwa kitambaa.

"Ndugu fundi," Adamu aliuliza kutoka dirishani, "kuna kitu umebakiza?"

"Sijabakiza kitu."

Adamu aliteremka. Alipanda nyuma, watu wakampisha, akachuchumaa kwenye kichwa cha jeneza. Alikuwa amevaa suti yake ya mikono mifupi ya mikutano, na mfukoni kalamu mbili. Aliweka kiganja juu ya shuka la kijani.

"Baba," alisema, sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake kwenye kibaraza. "Nilikusudia uwe karibu. Nikitoka ofisini nipite. Ijumaa nikusomee. Kule nani atakuja?" Alingoja. "Haya. Basi tutakuja."

Akamwambia Isihaka awashe.

Lori lilishika kwa mara moja na likashuka kuelekea Kilungwe. Halikugonga. Majani yalilala mbele ya bampa, na njia chini yake ilikuwa ngumu, kama njia inayopitwa kila siku. Lucian alikuwa amesimama kwenye ubao wa mlango, akishikilia mpira usichomoke. Dirishani alimwona Mwanahalima akilia bila sauti, machozi yakishuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

Kilungwe haikuwa na nyumba. Palikuwa na vichuguu vya udongo mahali kuta zilipoyeyuka, mafiga matatu meusi yamekaa peke yake katikati ya nyasi, na mikorosho iliyokosa mtu wa kuipalilia ikajipandia ovyo. Makaburi yalikuwa upande wa juu, yamezungushiwa mawe, na juu ya baadhi yake sahani za kale zilizobandikwa zilikuwa bado zinang'aa. Mwanahalima alibaki garini kama desturi inavyotaka. Isihaka alichukua beleshi lake la kujinasulia matopeni, wanaume wakabeba jeneza, na Lucian, ingawa hakuwa Muislamu, akafuata nyuma akiwa ameshika kofia, maana kubaki karibu na lori lile hakutaka.

Walikuwa wanakwenda kumtafutia mahali kando ya mkewe. Mashaka alitangulia kwa kuwa ndiye aliyekumbuka kaburi lile. Alipolifikia akasimama. Waliokuwa nyuma wakagongana.

Kando ya kaburi la mke wa mzee Mwinyimadi palikuwa na kaburi lililo wazi.

Lilichimbwa vizuri, pembe zake zimenyooka, limeelekezwa kibla, na ndani yake mwanandani, ule mtaro wa ubavuni wa kumlazia maiti, umekatwa upande unaostahili. Udongo uliochimbuliwa ulirundikwa kandoni, mwekundu, mkavu. Mchanga wote wa mahali pale ulikuwa umechimbika vishimo vidogo vidogo kwa mvua ya wiki mbili, lakini rundo lile halikuwa na alama ya tone hata moja. Ndani ya kaburi hamkuwa na maji. Na kuzunguka pande zote hapakuwa na unyayo, ila zile nyayo zao wenyewe walizotoka kuziweka.

Walikaa hivyo, jeneza begani.

"Alikuwa akija huku," Mashaka alisema hatimaye. "Kabla ya kuugua. Anachukua jembe, anasema anakwenda kupalilia mikorosho yake."

"Kabla ya kuugua," Adamu alirudia. "Ami, mvua yote hii imenyesha wapi?"

Mashaka alitoa mfukoni kamba ya kipimo, ile waliyompimia maiti pale Tumbi, akapiga magoti akaishusha ndani ya shimo. Aliivuta kutoka mwisho mpaka mwisho. Halafu akaizungusha kiganjani polepole akairudisha mfukoni, na watu wakajua kwamba imetosha.

Mashaka aliswalisha. Adamu na binamu zake wawili waliingia kaburini wakampokea mzee, wakamlaza ubavu wa kulia, wakamfunika kwa miti waliyoikata palepale. Beleshi lilipita mkono kwa mkono. Lucian naye alitupia udongo, na udongo ule ulikuwa wa vuguvugu, kama kitu kilichokuwa kimeshikwa na mtu muda si mrefu. Alifuta vidole kwenye suruali, akarudi nyuma ya wengine.

Jioni walifika Chole. Lori lilipanda kilima kwa oili chafu ya tangini, likigonga kama kawaida yake, likitoa moshi wake mweupe, likalalamika kama siku zote lakini halikufa. Kijijini watu walikuwa wamekusanyika, masufuria jikoni, na kaburi la kule likiwa wazi linangoja. Wazee waliposikiliza habari hawakubishana sana. Kaburi halifukiwi tupu. Walikata mgomba, wakaulaza ndani, wakaufukia kama mtu. Adamu ndiye aliyeshika jembe la kwanza.

Lucian alirudi Misugusugu, na kwa muda mrefu alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alichukua oili ileile, ya pipa lilelile, akaitia kwenye magari mengine akayasikiliza. Yaliharibika kama ilivyo ada, yakatengenezeka kama ilivyo ada. Isihaka alipopita na lori lake, Lucian alilifungua pampu, akalipima nozeli moja moja, hakuona kasoro. Mara mbili walipanda pamoja mpaka njia panda ya Kilungwe, wakakata kushoto, lori likapanda.

Hapo ndipo Lucian alipoitafuta sababu kwa watu, si kwenye injini. Usiku hakufikiria kingine, akaona njia moja tu inayoingia akilini. Yule dada alijua baba yake anataka kuzikwa wapi. Alikuwa Tumbi, alijua mzee hamalizi wiki. Angeshindwa nini kutuma watu wawili kimyakimya wakachimbe? Wangelifunika rundo kwa majani makavu wakayaondoa asubuhi. Nyayo, wangezifagia. Hakuielewa injini, lakini kaburi alilielewa, na kulielewa kaburi kulimpa usingizi.

Msimu wa korosho ulipofika Mwanahalima alikuja Misugusugu kwa lori la Isihaka. Alishuka na kikapu cha korosho zilizokaangwa, bado zina harufu ya moshi, akakiweka juu ya meza ya spana. Walisalimiana, wakaulizana hali. Alimwambia Adamu hajambo. Kila Ijumaa anafyeka njia ya Kilungwe kwa panga lake, na watu wawili watatu wameanza kumfuata wakipalilia mikorosho yao ya zamani, na katibu wao amejifanya hawaoni. Lucian alicheka kidogo.

"Nimekuja kukushukuru, kaka," Mwanahalima alisema.

"Kwa lipi, dada?"

"Kwa ulivyolizuia lori."

Lucian alimtazama.

"Nilikuona na ule mpira mkononi," aliendelea, uso wake umelainika. "Nikasema moyoni, huyu mtu si wa kwetu, si wa dini yetu, lakini nimemwambia neno moja tu njiani na amelibeba. Ukiubana mpira nani atajua? Sikumwambia mtu, wala Adamu simwambii. Ila nilitaka wewe ujue kwamba najua."

"Dada Mwanahalima," Lucian alisema taratibu, "mimi sikuubana mpira. Nililitaka lile lori liende kuliko mlivyotaka nyinyi."

Mwanahalima alitabasamu, kama mtu anayemruhusu mwenzake kukana kwa heshima. Tabasamu likakaa, kisha likaanza kuondoka.

"Hukuubana."

"Sikuubana. Naapa mbele ya Mungu." Alivuta kiti akakaa, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa na la kuuliza. "Na wewe wale uliowatuma kuchimba. Waliufanyaje ule udongo usilowe?"

"Niliowatuma wapi?"

"Kilungwe. Kaburi."

Aliitikisa kanga begani, akaishika. "Nimtume nani, fundi? Nililala kando ya kitanda chake mwezi mzima. Sikuwa na mtu wa kumtuma hata anunue chumvi." Aliiachia kanga. "Adamu aliponisimulia lile kaburi nilidhani kanificha. Nilidhani alituma yeye, kisha akaona haya kukubali."

"Adamu alilitazama kama sisi tulivyolitazama. Nilikuwa nyuma yake."

Nje, Isihaka aliwasha lori ili walirudishe kabla ya mvua ya vuli. Lilishika kwa shida, likakohoa, kisha likatulia likigonga. Akapiga honi.

Mwanahalima hakuinuka. Lucian naye hakuinuka. Walikaa pande mbili za meza, kikapu cha korosho katikati, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwamba alikuwa anatania.